Sifuri Nukta Nne

Mbwa wa Ndekirwa alipenya chini ya wavu
usiku wa kuamkia Jumanne, mvua ikipiga mabati ya Pasua
hata aliye macho asisikie kitu.
Asubuhi Aikande akaja na Kashata ndani ya sweta ya shule,
sikio limechanika kama tiketi,
paja limefunguka.
Hakuwa akilia. Macho tu, makavu,
yakitazama ukuta.

Mimi ni fundi saa. Miaka thelathini na mmoja
nimekaa karibu na stendi, lenzi jichoni,
nikishika vitu ambavyo ukivipumulia vinaruka.
Ndiyo maana wakasema: Babu, wewe una mkono.

Bwana Mfinanga wa mifugo akapiga nyuzi saba
juu ya meza ile ile anayochanjia kuku.
Akanipa kichupa na bomba lisilo na sindano.
"Sifuri nukta nne. Asubuhi na jioni, siku kumi.
Usimlaze chali, atapaliwa.
Pitishia pembeni, kwenye mwanya nyuma ya meno ya mbele,
kidogo, subiri ameze, kidogo tena.
Na asipokula, mzee wangu, kidonda si kitu.
Tumbo likisimama ndiyo basi."

Likisimama. Hilo nililielewa.
Saa nazo hufa hivyo: kioo kizima, akrabu nzima,
ukiitazama kwa nje huoni kosa.

Mama Kiwia akacheka mpaka mbege ikamwagika.
"Elfu kumi na tano za dawa?
Si ungenunua wengine watatu
na vitunguu vya kuwaungia!"
Sikumjibu. Hesabu yake ilikuwa sawa.

Tukamviringisha kwenye taulo kama chapati,
kichwa nje. Dawa inanukia asali
naye anaikataa kama shubiri.
Yule wa hadithi angekuwa ameshatoroka,
ameniacha na taulo tupu na maneno ya kejeli.
Huyu hana hila hata moja.
Ana moyo, basi. Niliushika kwa vidole viwili,
nikajaribu kuuhesabu kwa saa yangu ya mkono,
ukaniacha, unakimbia kuliko sekunde.

Jumatano hakula.
Alhamisi hakula. Karoti ikanyauka mbele yake.
Usiku nikakaa na bomba mkononi
nikimkumbuka marehemu Eliaichi,
vidonge vyake nilivyomwachia juu ya kabati
nikisema ni mtu mzima, atakumbuka.
Saa za watu wote mjini zilikuwa zinakwenda.

Ijumaa Ndekirwa akaja, kofia kwapani,
mkononi isale lililofungwa fundo.
Kwetu isale likishafika mlangoni
huna tena la kusema.
Akaliweka kando ya boksi, akainamisha kichwa,
na Kashata, siku ya tatu bila kutia kitu mdomoni,
akanyoosha shingo
akatafuna ncha ya msamaha.

"Si chakula hicho!" Nikamnyang'anya.
Aikande akacheka, Ndekirwa akacheka huku akipenga kamasi,
kisha akakimbia bila kofia
akarudi na fungu la giligilani, udongo bado unadondoka.
Jani moja. Tukasubiri.
Jani la pili likaingia polepole
kama karatasi kwenye mashine ya benki.

Saa kumi na moja alfajiri nikainua gunia.
Vimavi. Vitatu, vya mviringo, vikavu,
kama pilipili manga.
Nikaamsha nyumba nzima: "Amekunya! Aikande, amekunya!"
Nje mawingu yalikuwa yamejitenga,
mlima umesimama wazi mpaka kileleni,
watu wa mbali hulipa fedha kuuona hivyo.
Sikuutazama. Nilikuwa nimepiga magoti
nahesabu: sita. Saba. Kile kule pembeni, nane.

Ilipofika saa mbili nikavuta dawa hadi mstari wa nne,
nikamshika taya, taratibu, kwa mkono wangu huo unaosifiwa.

Akaning'ata.